Maparoni

Maparoni ni kata ya Wilaya ya Kibiti, Mkoa wa Pwani, Tanzania, ndani ya delta ya mto Rufiji. Ilikuwa chini ya Wilaya ya Rufiji kabla Kibiti haijawa wilaya.

Hapa ramani huchorwa na maji. Rufiji hugawanyika mikono mingi kabla ya kuingia Bahari ya Hindi, mkabala na kisiwa cha Mafia. Msafiri hupanga safari kwa kujaa na kupwa, na wakati wa bamvua maji hupanda juu zaidi. Mikoko ya delta hii, yapata hekta 53,000, ndiyo msitu mkubwa wa aina hiyo Afrika Mashariki: mkoko wenye mizizi kama miguu ya buibui, msinzi, mkandaa, mchu. Boriti zake zilitumika kuezekea nyumba hadi Uarabuni. Msitu huu ni hazina isiyo na mbadala, kwani kamba hukulia humo.

Wakazi wa delta, wakiwamo Wanyagatwa na Warufiji, huvua na kulima mpunga. Mpunga ukiiva, familia huhamia kwenye dungu, kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo, ili kulinda mazao.

Mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingia katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa.