Nani Anamshika Mtoto Melini? Kutoka Titanic Hadi Kemondo

Wadau, zile klipu za familia kwenye meli za anasa kule Karibiani si ngeni kwenu. Baba na mama wamejiachia pembeni ya bwawa juu kabisa, watoto wameachwa kwenye klabu ya watoto na wahudumu wa meli. Hapo ndipo ubishi unapoanza. Huyu anasema mzazi gani anamwacha mwanawe kwa mtu asiyemjua katikati ya maji, yule anasema kwani mzazi hatakiwi kupumzika?

Ubishi huu ni wa zamani sana, na watu wa Muleba wanahusika nao kuliko wanavyodhani.

Enzi za ukoloni, familia za Waingereza zilizokuwa zikirudi kwao kutoka India zilichukua mwanamke wa Kihindi wa kulea watoto njia nzima. Walimwita ayah. Masikio ya Mswahili yanasikia "yaya" moja kwa moja. Safari ni wiki kadhaa, bosi wake kichefuchefu kimemlaza kabini, ayah ndiye anayebeba, analisha, anabembeleza usiku. Meli ikifika London, wengine waliachwa hapo hapo bila nauli ya kurudi. Mpaka ikabidi iwepo nyumba ya kuwahifadhi, Ayahs' Home, ambayo mwaka 1900 ilihamia mtaa wa Hackney. Yaani mtu aliaminiwa na roho ya mtoto baharini, halafu nchi kavu akanyimwa hela ya tiketi. Aisee.

Twende April 1912, Titanic. Familia moja tajiri kutoka Kanada ilikuwa daraja la kwanza na watoto wawili, binti wa miaka 2 na mchanga wa miezi 11, pamoja na yaya. Meli ilipogonga barafu, yaya alimbeba mchanga na kupanda naye boti ya kuokolea. Wote wawili walipona. Baba, mama na yule binti walikufa. Simulizi iliyobaki ni kwamba wazazi walikuwa wanamtafuta mchanga bila kujua tayari yuko salama, ingawa hakurudi mtu wa kulithibitisha hilo. Yaya huyo alisemwa sana. Lakini ukitazama vizuri, yeye kazi yake aliifanya. Kilichokosekana ni mtu wa kuwaambia wazazi mtoto yuko wapi.

Na hao angalau walikuwa na yaya. Uchunguzi wa Uingereza ulihesabu watoto 24 daraja la pili, wakapona wote. Daraja la tatu walikuwa 79, wakapona 27 tu.

Sasa turudi nyumbani kwenye ziwa letu. MV Victoria ilitengenezwa Scotland, ikaunganishwa Kisumu na kuanza safari mwaka 1961. MV Bukoba ikaja 1979. Kwa mtu wa Muleba, bandari ni Kemondo. Unapanda jioni na mikungu yako ya ndizi, asubuhi uko Mwanza. Ukiwa na hela unachukua kabini, unafunga mlango, unalala na wanao. Ukiwa huna, ni daraja la tatu na klabu ya watoto ni jirani yako kwenye benchi.

"Shikamoo mama, naomba unishikie huyu kidogo nikajisaidie."

"Marahaba, mlete mwanangu."

Basi, imeisha hiyo. Hakuna fomu, hakuna kuulizana jina. Wa Karibiani wanabishana kuhusu kumwamini mgeni, huku wenzao wa Kemondo wameshampakata mtoto wa mgeni na anakoroma. Na kiukweli mfumo huo unafanya kazi, mpaka siku meli inapopata shida.

Siku hiyo ilikuwa 21 May 1996. MV Bukoba ilizama asubuhi, Mwanza ikiwa karibu kabisa. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na watu 443. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Waliokufa wanatajwa kuwa zaidi ya 800, na Rais Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo. Mtoto aliyekuwa amelala mapajani kwa mama asiyemjua hakuwa kwenye karatasi yoyote. Kama aliyempakata na aliyemzaa walizama wote, nani angesema kwamba mtoto huyo alikuwepo?

Baada ya Titanic dunia ilitunga mkataba wa usalama wa vyombo vya baharini, SOLAS, mwaka 1914. Huo wa sasa unataka watu wote wahesabiwe kabla meli haijaondoka, na kwa safari ndefu majina yaandikwe yakionyesha nani mkubwa, nani mtoto, nani mchanga. Unataka pia jaketi okozi za watoto zisipungue asilimia 10 ya idadi ya abiria. Ndiyo maana kwenye klabu nyingi za meli za anasa mtoto anavalishwa bangili yenye namba ya kituo chake cha dharura. Watu wanapiga picha bembea za mle ndani, kumbe chenye maana ni hiyo bangili. Ukiona haipo, bora ubaki naye.

Kwetu MV Victoria ilirudi ziwani mwaka 2020 baada ya ukarabati, ikiwa na uwezo wa abiria 1,200. Jirani wa kwenye benchi bado yupo na bado atampokea mtoto kwa moyo mmoja. Huyo hana tatizo. Wa kuulizwa ni karani wa tiketi pale Kemondo, kabla kamba hazijafunguliwa: huyu mchanga ambaye hajakatiwa tiketi, jina lake limeandikwa wapi, na jaketi yenye saizi yake iko upande gani?