Ezekieli: Kuhani Aliyeitwa Uhamishoni

Jeshi la Nebukadreza, mfalme wa Babeli, lilipoiteka Yerusalemu mwaka 597 KK, lilimchukua mfalme Yehoyakini pamoja na wakuu na mafundi wa Yuda, na miongoni mwa mateka hao alikuwamo Ezekieli mwana wa Buzi, mtu wa ukoo wa makuhani, ambaye wito na huduma yake ya unabii vingefanyika ugenini. Mwaka 593 KK, akiwa na umri ambao wafasiri wengi huukadiria kuwa miaka 30, alionyeshwa kando ya Kebari, mfereji uliokuwa karibu na mji wa kale wa Nippur, kiti cha enzi cha Mungu kikiandamana na viumbe hai wanne na magurudumu, ishara kwamba utukufu uliohusishwa na hekalu ulikuwa umewafikia mateka pale pale walipokuwa. Aliagizwa kula gombo, yaani kitabu kilichoviringishwa, kisha akafanywa mlinzi, ambaye akiona hatari na kunyamaza hudaiwa damu ya aliyeangamia.

Kwa miaka ya kwanza, wazee walipokuja kuketi mbele yake nyumbani kwake, aliwavunjia tumaini la kurudi upesi, akichora mji uliozingirwa juu ya tofali na kufunga mizigo ya safari hadharani ili waone kitakachowapata waliobaki Yerusalemu. Yerusalemu ilipoanguka, mwaka 586 KK kwa hesabu iliyozoeleka, mtangaza hukumu huyo aligeuka mfariji, akahubiri ufufuo wa mifupa mikavu, yaani taifa lililokata tamaa, na baadaye akaonyeshwa hekalu jipya. Mafundisho yake mazito zaidi yalikuwa kwamba mwana hadaiwi kosa la baba yake, kwa kuwa kila mtu hujibu kwa mwenendo wake mwenyewe na anaweza kuuacha.

Muyinga, kaskazini-mashariki mwa Burundi, ambako njia ya Kobero huingia Tanzania wilayani Ngara, ni mahali ambapo mafundisho hayo yana haki ya kusikilizwa kwa makini. Mauaji ya mwaka 1972 na vita vilivyoanza mwaka 1993 viliwasukuma Warundi wengi nje ya nchi yao, na watoto wengi wakazaliwa katika makazi ya Tanzania kama Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Watoto hao walirithi huzuni ya wazazi wao, lakini hawakurithi hatia ya yeyote, na jamii inayowapokea wanaporudi kwa msingi huo hujenga amani bila kuwasahau waliokufa.