Dhamana ya Baba na Daraja la Mwana

Sisi wanaushirika twaijua thamani ya dhamana. Kwa hiyo, katika sherehe hii ya mwaka wa kumi, twapenda kuikumbuka jamaa ya Powers wa Vermont, Marekani. Mwaka 1837 kijana Nicholas Powers alitaka kazi ya kujenga daraja huko Pittsford, naye hajatimiza miaka 21. Yasimuliwa kwamba baba yake alimdhamini, akaahidi kulipia mbao zote ambazo mwanawe angeziharibu. Daraja likajengwa. Kijana akawa fundi mashuhuri wa madaraja ya mbao yaliyoezekwa paa, ili mvua isiyaozeshe. Lile la Brown, alilolijenga Shrewsbury mwaka 1880, lingali limesimama. Basi, wazee wetu, kijana akiomba kazi ya Chama, tusitazame umri wake tu; tumdhamini.