Majina Yanaposomwa: Ushindi wa Shule na Sherehe Zake katika Lubumbashi

Katika Kiswahili cha Lubumbashi, mtoto aendaye shuleni husemwa kuwa anaenda ku masomo. Mahali pamechukua jina la kazi ifanywayo hapo. Jambo hilo si dogo kwa mtu atakaye kufahamu jinsi mji huu unavyosherehekea ushindi wa wanafunzi wake, maana watajwao siku ya furaha hawakuwa daima wale wale.

Wasalesiani waliwasili Elisabethville, kama mji ulivyoitwa wakati huo, mwaka 1911, na mwaka uliofuata wakafungua shule ya Saint-François de Sales kwa ajili ya watoto wa Kizungu. Watoto wa Kiafrika walisoma katika shule za misheni na zile za kampuni ya Union Minière, na wengi wao hawakuvuka elimu ya msingi au mafunzo ya ufundi. Milango ya sekondari ilianza kufunguka kwa kiasi katika miaka ya 1950. Lakini desturi moja ya Kibelgiji iliingia shule zote: ile iitwayo proclamation. Mwaka wa masomo ulipokwisha, wazazi walikusanyika uani, na majina yakasomwa kuanzia yule wa kwanza. Mwanafunzi alisimama mbele ya mwalimu wake, na wote wawili walionekana na watu.

Mambo yalibadilika mwaka 1967, serikali ilipoanzisha Mtihani wa Dola, mtihani mmoja wa nchi nzima kwa wanaomaliza sekondari. Hukumu ya mwisho ilitoka mikononi mwa shule, na habari zake zikaja kwa njia ya redio. Familia zilikaa karibu na chombo hicho zikisubiri jina la shule, kisha jina la mtoto. Kusikiliza kulitaka makini. Tangu mwaka 1972, siasa ya uhalisi ilipoondoa majina ya Kikristo, orodha zilijaa majina ya ukoo na ya mababu, na katika Katanga akina Ilunga na Ngoy ni wengi mno, tena majina hayo huweza kuwa ya mvulana au ya msichana. Jina moja halikutosha kumpa mzazi ruhusa ya kupiga kelele. Lakini lilipothibitika, kelele zilipigwa kweli: aliyepata diplomi alimwagiwa poda nyeupe kichwani na mabegani, akazungushwa mtaani, na jirani asiyekuwa na redio aliujua ushindi kwa kuiona poda hiyo. Hata leo, matokeo yanapopatikana pia kwa simu na kwa intaneti, poda haijaachwa.

Redio iliwafahamisha watu majina ya shule vilevile. Mwishoni mwa mwaka 1974 serikali ilizitaifisha shule za dini, na Saint-François de Sales ikaitwa Imara. Mapatano ya Februari 1977 yaliyarudishia makanisa usimamizi wa shule hizo, lakini jina la Imara halikufutika midomoni mwa watu. Lisee za wasichana za Wema na Tuendelee nazo zina majina ya Kiswahili. Kwa mtafiti wa lugha, hii ni hazina: shule zinazofundisha kwa Kifaransa zinajulikana mjini kwa maneno ambayo mama auzaye sokoni anayaelewa bila mkalimani.

Mwalimu je? Katika orodha ya Mtihani wa Dola hatajwi. Yamo majina ya shule, ya tawi la masomo na ya waliofaulu. Aliyewafundisha hisabati miaka miwili hayumo. Upungufu huo ulizidi uzito katika miaka ya 1990. Mshahara wa serikali ulipoteza thamani hata wazazi wakaanza kuchanga fedha ili walimu waendelee kufundisha, na kufukuzwa kwa watu wa asili ya Kasai kutoka Katanga mwaka 1992 na 1993 kuliziondolea shule walimu wengi. Si haki kupima ushindi wa shule za wakati ule kwa asilimia pekee. Darasa lililofika mwisho wa mwaka likiwa na mwalimu lilikuwa limekwisha kushinda jambo.

Nchi imemtengea mwalimu siku yake, tarehe 30 Aprili, sikukuu ya elimu, iangukayo wakati mitihani mikubwa ya mwisho wa mwaka bado haijafanyika. Ile proclamation ya zamani nayo haikufa. Kila mwanzo wa Julai madarasa yasiyokuwa ya mwisho hukusanyika uani kama zamani, prefe akiwa mbele, na mara nyingi ni mwalimu mwenye darasa ashikaye karatasi na kuyasoma majina kwa sauti yake mwenyewe.