Ukoko wa Mzee wa Jikoni

Katika ukumbi wa shule niliyosoma kidato cha tano na cha sita palitundikwa ubao mrefu wenye majina ya wakuu wa shule, tangu Wazungu wa enzi za ukoloni hadi Mwafrika wa kwanza na waliomfuata. Tulipita chini yake kila siku kwenda kula. Ubao wa wapishi haukuwapo, na sidhani kama kuna aliyewahi kuuwaza.

Historia ya elimu nchini mwetu nayo huandikwa kwa namna hiyo: Machi 1967, Elimu ya Kujitegemea, Novemba 1974, Azimio la Musoma. Nimezifundisha tarehe hizo hadi nilipostaafu. Lakini shule ya bweni huendeshwa na saa. Saa kumi alfajiri, sisi tukikoroma, mzee mmoja alikuwa amekwisha kuchochea kuni chini ya masufuria ya uji. Uji ukichelewa, kipindi cha kwanza hakuna. Maharage lazima yalowekwe tangu jana yake, na yale yaliyokaa ghalani misimu miwili hayaivi hata uyachemshe kutwa. Ugali wa watu mia nne husongwa na wanaume wawili, kila mmoja na mwiko mkubwa kama kasia. (Aliyedhani ni kazi ya nguvu tu, na ajaribu.)

Nyuma ya mpishi alikuwapo mwalimu wa zamu. Alisimamia upimaji wa unga stoo, akatia sahihi daftarini, akaonja chakula kabla yetu, kisha akaingia darasani. Wetu alifundisha Hisabati vidato vyote viwili, maana mwenzake alikuwa amehamishwa na nafasi yake haikujazwa.

Mwaka 1983 nilikuwa kidato cha tano. Miaka minne ilikuwa imepita tangu vita vya Kagera viishe, lakini nchi ilikuwa haijapumua. Sukari na sabuni zilipatikana kwa foleni. Mwaka huo Serikali ikaanzisha msako wa wahujumu uchumi, na habari za magunia yaliyofichwa zikawa gumzo la kila mahali. Nasi vijana tukaambukizwa. Maharage yalipopungua bakulini, tulikuwa na jibu kabla ya kuuliza: mhujumu yuko jikoni.

Jioni moja tukamvizia getini. Aliyeukamata mkono wa kikapu chake ni mimi. Ndani tulikuta ukoko mkavu, wa kulishia kuku wake.

"Wanangu," alisema, "huu si hutupwa?"

Tukamzomea. Tukagoma kuingia darasani siku mbili, na wiki iliyofuata mzee hakuonekana tena jikoni. Uji ukawa unachelewa. Maharage hayakuongezeka.

Miaka tisa baadaye, nami nikiwa mwalimu, nilikutana na yule mwalimu wa Hisabati kwenye kazi ya kusahihisha mitihani. Nilimwamkia, tukakaa, nikamuuliza habari za mzee.

"Muhula ule tulipokea nusu ya mgao," alisema. "Daftari nililitia sahihi mimi. Mzee akawa anaamka saa nane za usiku kuyachemsha hayo machache mpaka yapondeke, mchuzi uwe mzito, msione upungufu."

Kwa nini basi hakusema?

Alikaa kimya kitambo. "Mkuu alitaka mgomo uishe kabla wakubwa wa mkoa hawajafika. Mimi nilikuwa na watoto wanne, kijana wangu."

Sikuwa na la kumlaumu. Sikumwambia pia kwamba mkono uliokamata kikapu ulikuwa wangu, ingawa nadhani alijua.

Muhula uliofuata, zamu iliponiangukia shuleni kwangu, nilikwenda jikoni saa kumi alfajiri. Mpishi alinitazama, akaacha kuchochea moto, akaenda kunifungulia kikapu chake.