Tarehe ya Kifuu: Gesi na Mkaa

Katika pwani yetu, tangu Lamu hata Kilwa, na visiwani Unguja, Pemba na Mafia, hapana sehemu ya mnazi ambayo watu hawakuipatia kazi, na hata kifuu, kilicho duni kabisa katika mabaki yake, kilifanywa kata ya kutekea maji mtungini na upawa wa kupakulia mchuzi, na kilichozidi kikatiwa motoni chini ya chanja ili kukausha mbata. Lakini ng'ambo ya bahari kifuu hicho hicho, pamoja na kokwa, magamba na magogo, kilipata tarehe nyingine, nayo ni tarehe ya mafundi wa namna mbili waliokuwa wakitafuta vitu viwili katika moto mmoja: hawa walitaka gesi iwakayo na kuudharau mkaa, na wale walitaka mkaa na kuiacha gesi ipotee angani.

Kwa upande wa gesi mashuhuri ni Philippe Lebon wa Ufaransa, ambaye mwaka 1799 alipata hataza ya taa iliyowaka kwa gesi ya kuni zilizopashwa moto ndani ya chombo kilichofungwa, na mwaka 1801 akawaonyesha watu wa Paris nyumba iliyong'aa kwa taa hizo. Ila Waingereza walikuwa na makaa ya mawe tele, na gesi yao ndiyo iliyotawala miji. Kwa upande wa mkaa, Tobias Lowitz, mtengeneza dawa wa St. Petersburg, alikwisha kugundua mwaka 1785 kwamba unga wa mkaa huondoa rangi katika vimiminika, maarifa ambayo wenye viwanda vya sukari hawakukawia kuyatumia; na katika miaka ya 1860 John Hunter alipima mikaa ya aina nyingi, akaona kwamba ule wa kifuu cha nazi hufyonza gesi kuliko mingine yote aliyoijaribu.

Sababu yake inastahili kuelezwa kwa utuvu. Kifuu kikipondwa na kutiwa katika tanuri lisiloingia hewa, kwanza hutoka maji, kisha moshi mzito wenye lami na gesi za kuwaka, na mwisho husalia mkaa mgumu ambao uzito wake haufiki nusu ya kifuu. Mkaa huo bado ni wa jikoni tu. Mwanzoni mwa karne ya 20 Raphael von Ostrejko aliandikisha hataza za kuupasha tena mpaka uwe mwekundu na kuupitishia mvuke wa maji. Na katika joto hilo, ambalo kwa kawaida ni baina ya digrii 800 na 1,000, mvuke huula mkaa kwa ndani mfano wa mchwa alaye nguzo, ukaacha vitundu ambavyo jicho haliwezi kuviona, hata gramu moja ikawa na eneo la ndani la mita za mraba 1,000 au zaidi. Na ule mkaa ulioliwa hauendi bure: hugeuka kaboni monoksaidi, na maji huachia haidrojeni, na gesi zote mbili huwaka. Basi kila kitundu ni mahali ambapo mkaa umetoka kwa sura ya gesi, na afanyaye kimoja hana budi kufanya na cha pili, apende asipende.

Vita vya kwanza vya dunia ndivyo vilivyoupandisha cheo mkaa. Tarehe 22 Aprili 1915 Wajerumani walifungulia gesi ya klorini karibu na Ypres, katika Ubelgiji, na mwaka huo huo Nikolai Zelinsky, mwanakemia wa Urusi, akatoa shauri la barakoa yenye mkaa uliofanyiwa kazi hiyo. Mwaka 1918 Wamarekani, baada ya kuona kwamba vifuu havitoshi, waliwahimiza raia na watoto wao wakusanye kokwa za pichi na maganda ya njugu ngumu. Na hesabu iliyotangazwa ni kuwa kokwa 200 zatosha barakoa ya askari mmoja.

Gesi nayo ilipata zamu yake katika vita vya pili vya dunia, petroli ilipoadimika Ulaya, na magari ya Ufaransa na Sweden yakabeba matanuri ya kuni ya namna aliyoibuni Georges Imbert. Dereva aliwasha tanuri kabla ya safari, akazoa majivu, akapambana na lami, na akijisahau katika banda lililofungwa, kaboni monoksaidi ilimwua. Vita vilipokwisha watu waliyang'oa matanuri hayo kwa furaha, na mimi siwalaumu.

Mkaa haukuachwa, kwa kuwa ulipata mapenzi na dhahabu. Mwaka 1973 mgodi wa Homestake, Dakota Kusini, ulianza kuutumia kwa wingi kunasa dhahabu iliyoyeyushwa kwa sayanaidi, na njia hiyo ikaenea duniani. Leo hata wachenjuaji wadogo wa Geita hulowesha marudio yao, yaani mabaki ya mchanga uliokwisha kuchenjuliwa, katika matangi, wakapitisha maji yake juu ya kaboni, kisha wakaipeleka ikatolewe dhahabu. Kaboni ipendwayo ni ya kifuu, kwani ni ngumu, haisagiki upesi ikapotea na dhahabu ndani yake.

Nyingi katika hiyo kaboni hutoka Asia. Sri Lanka, ambako viwanda vya kukausha nazi hurundika vifuu mahali pamoja, sasa wameviunganisha vile vitu viwili: gesi ya tanuri huchomwa kuzalisha umeme, na mkaa hupelekwa kupigwa mvuke. Kwetu nazi huuzwa nzima na kuvunjwa jikoni, hivyo vifuu hutawanyika nyumba kwa nyumba. Na kwa maoni yangu hapo ndipo taksiri ilipo, wala si katika elimu ya moto. Wenye mashamba ya Mafia na Pangani wakitaka kuingia katika biashara hii, waanze kwa kutengeneza vituo vya kukusanyia vifuu, na tanuri lifuate baadaye.