Mjomba Hayumo Kwenye Fomu

Waingereza wana neno moja tu kwa watu ambao sisi tunawaita mjomba, ami, baba mkubwa na baba mdogo. Anayetafsiri riwaya kutoka kwao lazima aamue: huyu ni ndugu wa mama au wa baba? Akikosea, msomaji wa Dar atapita tu bila kushtuka. Msomaji wa Newala atasimama hapo hapo.

Kwetu jambo hili halikuanza na tafsiri. Wamakonde, Wamakua na Wayao, ambao ndio wengi Newala na Masasi, wamehesabu ukoo kwa upande wa mama tangu zamani. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na msemaji wa mtoto ni kaka wa mama. Baba yupo, anapendwa, anaheshimiwa, ila posa ikija, au msiba, au mtoto akitakiwa kwenda mbali, swali linalopigwa hodi ni moja: mjomba kasemaje? Uislamu, Ukristo, shule na mahakama zimeilegeza desturi hiyo sana. Haijafa.

Nimelazimika kuyafikiria haya tangu dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, aanze kushughulikia viza ya binti yake. Dada ni muuguzi Uingereza, ana ukaazi wa kudumu. Binti yuko Newala, ana miaka 17, amelelewa na kaka yetu mkubwa tangu yuko darasa la pili. Kwa hesabu za kwetu na mimi ni mjomba wake, mdogo mdogo. Kazi yangu ilikuwa kusoma fomu na kuchapa barua. Katika kuzisoma ndipo nikaona kwamba swali lao kubwa, mtoto huyu ni wa nani, limeshaulizwa sana kwenye nyanda zetu, na kila aliyeuliza alikuwa na jibu lake mfukoni.

Wa kwanza ninaowajua kwa tarehe ni wamisheni. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA aliondoka Zanzibar na watumwa walioachwa huru, kupitia Lindi, kuelekea bara. Wengi wao walitokea pande za Ziwa Nyasa na nia ilikuwa warudi karibu na kwao. Hawakufika. Waliishia Masasi, chini ya yale majabali makubwa ambayo kila anayepanda basi la Tunduru anayajua, wakajenga kijiji. Sasa fikiria kijiji cha watu waliouzwa utotoni, katika nchi ambayo mtu hujulikana kwa ukoo wa mama yake. Kwenye jamii kama hizo mtumwa ni nani hasa? Ni mtu asiye na mjomba wa kumdai. Misheni ikachukua nafasi hiyo: ikawapa majina, ikawaozesha, ikawasemea. Mwaka 1882 Wangoni, ambao vitabu vya wamisheni vinawaita Magwangwara, walipoivamia Masasi na kuchukua mateka, mmisheni mmoja alifuata nyuma kwenda kujaribu kuwakomboa. Ukiniuliza, hiyo ni kazi ya mjomba kabisa.

Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alipita Masasi, akapanda hadi Newala, akaandika kitabu juu ya aliyoyaona. Kinasomeka kwa taabu kwa sababu ya dharau zake, lakini kina jambo moja ambalo wengi wetu tunalisahau tunapojiita wenyeji: watu aliowakuta walikuwa bado wanahama. Wamakua na Wayao walikuwa wamevuka Ruvuma kutoka kusini vizazi vichache nyuma, na Wamakonde wenyewe walikuwa wanasogea huku na huku juu ya uwanda wakitafuta ardhi, huku maji yakichotwa mabondeni. Hakuna aliyemuuliza mtoto karatasi. Alivuka mgongoni mwa mama, na ng'ambo alipokelewa na ndugu wa mama.

Karatasi zilikuja na kodi na kazi. Kusini mwa Ruvuma Wareno waliutiisha uwanda wa Mueda mwaka 1917, wakaleta kazi za shuruti. Watu wakavuka kuja Tanganyika, na wengine wakaenda mbali zaidi, hadi mashamba ya mkonge ya Lindi, Tanga na pwani ya Kenya. Mwanamume aliyeandikishwa kwa mkataba akaitwa manamba, kwa sababu alipewa namba. Mke wake pengine alihesabiwa. Mtoto hakuwa na namba. Alikuwa mzigo wa aliyenayo. Hapo ndipo ninapoona kitu kipya kabisa kikiingia: kwa mara ya kwanza mtoto wa Kimakonde anakuwa wa mtu fulani kwa sababu mtu huyo ana kipande, na mwenye kipande karibu kila mara ni baba.

Matokeo yake yalionekana Kwale, Kenya, miaka mingi baadaye. Wamakonde waliokwenda huko kuanzia miaka ya 1930 kufanya kazi kwenye mkonge na miwa walibaki, wakazaa, wajukuu wakazaa. Uhuru wa Kenya wa 1963 ukawakuta hawana nchi. Baba hana kitambulisho, kwa hiyo mtoto hapati cheti cha kuzaliwa cha maana, kwa hiyo akikua hana kitambulisho, na mtoto wake hivyo hivyo. Urithi wao ukawa ni kutokuwa na karatasi. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya Kenya ya 2011 iliwafungulia mlango watu wasio na nchi waliokuwepo tangu uhuru, pamoja na vizazi vyao, lakini mlango ulikaa bila mtu wa kuufungua. Oktoba 2016 wakaamua kutembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kumwona Rais Uhuru Kenyatta. Mwanzoni mwa 2017 walianza kupewa vitambulisho na wakatangazwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Miaka kama themanini, na ilibidi watembee.

Kwetu upande wa huku vita ya ukombozi ya Msumbiji, iliyoanza Septemba 1964, ilimimina watu kuvuka mto. Wengine walipelekwa kwenye makazi ya wakimbizi kama Rutamba, Lindi. Wengine wengi hawakupelekwa popote. Walipanda uwandani, wakaingia kwa ndugu, wakapewa kiwanja kulima. Wakati huo huo ambapo Newala na Masasi walikuwa wanapokea mpwa wa mpwa bila fomu, London walikuwa wanafanya kinyume chake, na hii ndiyo sehemu ya historia iliyonikalia kooni.

Sheria ya Uingereza ya 1962 kuhusu wahamiaji wa Jumuiya ya Madola ilimruhusu mtoto wa chini ya miaka 16 kumfuata mzazi aliyehamia huko. Na nje ya sheria, kwa hisani, maafisa waliweza kumruhusu pia mtoto aliyekuwa anamfuata ndugu asiye mzazi, mathalani mpwa anayekwenda kwa mjomba. Agosti 1965 serikali ikatoa waraka uliosema hisani hiyo basi. Mpwa akafutwa kwa aya moja. Kisha Februari 1968, Waasia wa Kenya walipokuwa wanakimbilia Uingereza kwa pasi za Kiingereza, Bunge likapitisha sheria mpya kwa siku tatu tu. Sheria hiyo inakumbukwa kwa kuwafungia mlango Waasia wa Afrika Mashariki, na ni sawa ikumbukwe hivyo. Ila ndani yake mlikuwa na jambo jingine lisilozungumzwa sana: mtoto hakuwa tena na haki ya kumfuata mzazi mmoja wakati mwingine amebaki nyumbani. Ilibidi wazazi wote wawili wawe Uingereza, au huyo aliyebaki awe amefariki. Vinginevyo mzazi aliyeko huko athibitishe kwamba yeye ndiye mwenye jukumu la pekee juu ya mtoto.

Maneno hayo, jukumu la pekee, ndiyo yaliyomo mpaka leo katika kanuni namba 297, ambayo ndiyo njia ya binti yetu. Inamtaka mtoto awe chini ya miaka 18 siku ya kuomba, asiwe ameoa au kuolewa, asiwe anajitegemea, na awe na pa kukaa na wa kumlisha bila mzazi kuomba msaada wa umma. Hayo dada aliyaweza, kwa mshahara wa zamu za usiku. (Angekuwa bado ana viza ya kazi angepitia kanuni nyingine kabisa, wenzake wa kazi za kutunza wazee wamezuiwa kuleta watoto tangu Machi 2024.) Kilichobaki ni jukumu la pekee, na hapo ndipo kaka yetu alipoanza kuonekana kama tatizo.

Stakabadhi za hosteli na michango ya shule zina jina lake. Kadi ya kliniki ilikuwa kabatini kwake. Fedha ya sare ilitoka kwenye korosho zake alizouza kupitia chama cha msingi, ingawa msimu mbaya dada ndiye aliyetuma. Mtu mmoja anayejiita mtaalamu wa viza akatuambia tuandike barua kwamba kaka hana uamuzi wowote kwa mtoto, yeye anamweka tu. Nikaichapa. Kaka akaisoma polepole, akavua miwani.

"Sasa mdogo wangu, nikishasaini kwamba mimi sina neno, siku ya kumposa watakuja kwa nani?"

Sikuwa na jibu, nikaiweka pembeni ile barua, nikaanza kusoma maamuzi ya mahakama zao. Kusema kweli nilichokuta ni afadhali kuliko alichotuambia mtaalamu. Katika kesi ya 2006, inayotajwa kwa herufi TD na jina la Yemen, majaji walieleza kwamba kumlisha mtoto, kumlaza na kumpeleka hospitali ni kazi anazoweza kukabidhiwa mtu mwingine bila mzazi kupoteza jukumu lake. Wanachoangalia ni nani anayeongoza maisha ya mtoto, nani anafanya maamuzi makubwa. Na wakasema jukumu la kuangaliwa kwanza ni la mzazi mwenzake.

Yaani mjomba hakuwa tatizo kubwa. Tatizo ni baba! Baba wa binti yuko Tandahimba, mzima, anakuja Idi na kilo ya nyama, anampenda mwanawe. Kwa desturi ya kwetu neno lake ni dogo. Kwa desturi ya London akionekana ameamua jambo moja kubwa, mathalani kuchagua shule, basi jukumu si la pekee tena na ombi linaweza kuanguka. Mtu ambaye uwanda haukumpa sauti anapewa kura ya turufu na nchi asiyoijua.

Nchi nyingine hazitofautiani sana. Marekani inamtambua mtoto wa kumzaa, wa kambo, na wa kuasili akiwa na chini ya miaka 16. Mzazi mwenye ukaazi anamwombea na anasubiri foleni ya mwaka kwa mwaka, mzazi raia hasubiri foleni hiyo. Mpwa hayumo. Kanada, ajabu, inamtaja mpwa kwa jina lake: chini ya miaka 18, hajaolewa, na ni yatima. Wazazi wote wawili wafe kwanza ndipo mjomba aonekane. Naamini walioandika walikuwa na huruma, na bado kila ninapoisoma nasikia baridi.

Wala tusijifanye watakatifu. Mtoto wa Msumbiji anaweza leo kuvuka Daraja la Umoja, lililofunguliwa Mei 2010 pale Mtambaswala, akaja kutembea kwa ndugu zake bila viza. Kukaa ni jambo lingine. Msumbiji haimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mtoto huyo anahitaji hati ya mtegemezi, na hati hiyo inamtegemea mtu mwenye kibali cha ukaazi. Ni mkulima gani wa Newala aliyetoka Mueda ana kibali? Na vita ya Cabo Delgado ilipowafikisha watu mtoni, UNHCR ilisema wazi mwaka 2021 kwamba maelfu walirudishwa kupitia Negomano, ng'ambo ya daraja hilo hilo. Bibi zetu waliwapokea bibi zao.

Barua tuliyopeleka hatimaye tuliiandika upya, mara tatu. Inasema kaka anakaa na mtoto, anamlisha, anampeleka shule, na kwamba kila jambo kubwa, kuanzia mkondo wa masomo hadi matibabu ya jicho mwaka juzi, aliulizwa mama kwa simu na mama akaamua. Ni kweli tupu. Tuliambatisha na ujumbe wa simu. Baba naye alisaini yake Tandahimba, mistari minne, kwamba hajawahi kuamua na hana kinyongo mtoto akienda. Sijui ilimgharimu nini kuiandika. Cheti cha kuzaliwa tulikipata RITA kwa kuchelewa, kipimo cha kifua kikuu na alama za vidole vikafanyika Dar, na ombi likaingia wiki sita kabla hajatimiza 18. Akitimiza wakati wanasubiri haimdhuru, wanahesabu siku ya kuomba.

Kuhusu posa hatukuandika chochote. Kaka alisaini, akakunja nakala yake, akaiweka pamoja na stakabadhi za korosho.